Sura Bangoni, Ngazi Mlangoni

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hiyo, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameikariri tangu shule ya msingi, haimsemi mtu mwenye ulemavu. Inamwonya yule anayejiona mzima. Inamkumbusha kwamba mwili alio nao ni wa muda, na kwamba umbo la binadamu halikamiliki mpaka siku anapotiwa kaburini. Ajabu ni kuwa jamii iliyotunga methali yenye busara kiasi hicho ingali inababaika inapoulizwa swali dogo: je, ofisi inapotaka kuutangazia umma kwamba inaajiri watu wa kila namna, imtie mtu mwenye ulemavu katika bango lake au isimtie? Na ikimtia, imtie vipi?

Swali hilo lilimfika karani mmoja mjini Busia, upande wa Kenya. Yeye ni mzawa wa Budalang'i. Polio ilimdhoofisha mguu wa kushoto akiwa na umri wa miaka mitatu, naye hutembea kwa gongo. Baada ya kuhitimu shahada yake katika Kiswahili na historia, aliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja na kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, ambako huandaa hati za mizigo inayovuka kwenda Uganda. Mwishoni mwa mwaka, meneja alimwita akamweleza kwamba kampuni ilikuwa inatayarisha kalenda na bango la ukutani la kuonyesha uanuwai wa wafanyakazi wake: wanawake na wanaume, Waluhya, Wateso na Wajaluo, Waislamu na Wakristo, vijana na wazee.

"Bi, wewe tutakuweka katikati," alisema meneja. "Na chini tutaandika: Ulemavu si kutojiweza."

Karani aliomba apewe juma moja atafakari. Meneja alishangaa, kwani moyoni mwake alidhani anampa heshima, na hakuna anayeomba muda wa kufikiria heshima.

Sababu ya kusita kwake ilikuwa na historia. Mto Nzoia ulipobomoa matuta yake mwaka 2003 na kuifurikisha Budalang'i, yeye alikuwa msichana wa shule ya upili. Kaka yake mkubwa alimbeba mgongoni, maji yakiwa kifuani, hadi kwenye sehemu ya tuta iliyosalia, ambako jamaa nyingi zilikuwa zimepiga kambi. Huko mtu mmoja aliyefuatana na wagawaji wa misaada aliwapiga picha. Miezi kadhaa baadaye aliiona picha hiyo katika kijarida cha kuomba michango. Kaka alikuwa amekatwa. Kilichosalia kwake ni bega tu. Msichana alibaki peke yake, mguu wake umetangulizwa mbele, na chini yake pameandikwa kwamba wasiojiweza ndio walioumia zaidi. Chakula kililetwa, na hilo hakulikana. Hata hivyo alijifunza mapema kwamba picha inaweza kusema kweli juu ya mguu na kusema uongo juu ya mtu.

Mji wenyewe wa Busia ulimpa mfano mwingine wa kutafakari. Mpaka huu, ndio uliolizalia Kiswahili cha Afrika Mashariki neno bodaboda, umejulikana pia kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao wakiwa walionusurika polio, walizitumia kuvusha bidhaa kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Maofisa waliwalegezea, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara waliwatafuta. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliwaandikia makala katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2007. Hali kama hiyo imeshuhudiwa pia katika Mto Kongo, baina ya Kinshasa na Brazzaville, ambako wachuuzi wenye ulemavu waliopunguziwa nauli za vivuko walijijengea biashara zao.

Mtu anaweza kuwalaumu kwamba waliifanya huruma ya watu kuwa mtaji. Lakini ni nani aliyewahi kuwafungulia mlango mwingine? Jambo la kuzingatia ni kwamba wao wenyewe ndio walioamua kuonekana, walijua wanaonekana na nani, na malipo yaliingia mifukoni mwao. Mambo yalianza kubadilika mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kiliwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kisha Machi 2020, kutokana na maradhi ya korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria na kuruhusu malori ya mizigo tu. Lori lina nafasi katika kanuni za biashara. Baiskeli ya mkono ilikuwa na nafasi katika huruma ya ofisa, na huruma haina kifungu cha sheria.

Karani alimwendea mwendeshaji mmoja mkongwe wa baiskeli hizo, akamweleza habari ya bango.

"Binti yangu," mzee alimjibu, "mimi huonekana kila siku. Mtu akitaka nibebe kitu, humuuliza kwanza kina uzito gani na atanilipa nini. Nawe waulize hivyo hivyo."

Jibu hilo lilimrudisha kwenye taaluma yake. Chuoni aliwahi kushuhudia mjadala mkali juu ya maneno kiwete, kipofu, kiziwi na kilema. Kundi moja lilidai kwamba kiambishi ki- kinamshusha mtu hadhi na kumweka pamoja na kiti na kisu, hasa kwa kuwa kiambishi hicho hicho ndicho kinachozaa kijitu. Kundi la pili lilijibu kwamba kiongozi, kijana na kinyozi nao wana ki-, na hakuna anayetukanwa. Tena katika sentensi kipofu huchukua upatanisho wa viumbe hai, amefika wala si kimefika. Makundi yote mawili yalikuwa na sehemu ya ukweli. Dharau haimo katika silabi moja. Hujengwa na matumizi, na matumizi yakikomaa silabi hunuka. Ndiyo maana wengi sasa huchagua kusema mtu mwenye ulemavu, ili mtu atangulie na hali yake ifuate. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, imempa mtu huyo haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra kwa katiba kuingilia uteuzi wa msamiati, nayo hapo imeuingilia.

Kauli ya meneja, basi, ilistahili kupimwa kwa mizani iyo hiyo. Ulemavu si kutojiweza: ni sentensi ya kukanusha, na anayekanusha hulitaja kwanza lile analolikana. Hakuna bango linaloandika kwamba uanamume si uvivu, kwa kuwa hakuna aliyeshuku. Wenzake katika kalenda wangetajwa kwa majina na kazi zao. Yeye peke yake angetajwa kwa tuhuma aliyosamehewa.

Hata hivyo, kukataa nako kulikuwa na gharama yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unayataka mataifa yapambane na picha potofu na kukuza mtazamo mwema juu ya watu hao. Mtazamo mwema hauwezi kukua pale ambapo hakuna cha kutazamwa. Msichana wa Budalang'i atembeaye kwa gongo, kama hajawahi kumwona karani mwenye gongo, atajuaje kwamba meza ile inaweza kuwa yake? Tena palikuwa na kasoro nyingine: kamera hupenda gongo. Mtunza bohari wa kampuni hiyo alikuwa na sikio moja lisilosikia, lakini hakuna aliyemfikiria, maana ukiziwi hauonekani katika picha.

Juma lilipokwisha, karani aliandika barua fupi yenye masharti matatu. Kwanza, apigwe picha akiwa kazini pamoja na wenzake, gongo lake lisifichwe wala lisitangulizwe. Pili, kauli ile iondolewe. Aandikwe jina na wadhifa wake kama wengine, na mahali pake pawekwe sentensi moja ya kuwaalika watu wenye ulemavu waombe kazi na waseme wanahitaji usaidizi gani siku ya usaili. Tatu, ngazi sita zilizo mlangoni ziwekewe njia ya mteremko kabla ya bango kuchapishwa, kwani si haki kumwalika mtu kwa picha na kumfukuza kwa ngazi.

Meneja aliyakubali mawili siku ile ile. La tatu, alisema, lingengoja bajeti ya mwaka uliofuata. Karani akajibu kwa adabu kwamba, ikiwa ni hivyo, na picha yake ingengoja vilevile.

Kalenda ilitoka bila yeye. Baadhi ya wenzake walinong'ona kwamba anaringa. Mkataba wake ulipokwisha mwezi Machi, uliongezwa kwa miezi sita badala ya mwaka, bila maelezo. Njia ya mteremko ilijengwa Julai, na waliotangulia kuifurahia hawakuwa watu wenye ulemavu, bali wasukuma mikokoteni, waliokuwa wamechoka kubeba maboksi ngazi baada ya ngazi. Picha yake ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa na jina, wadhifa na ule mwaliko wa sentensi moja.

Kisa hiki hakithibitishi kwamba kila mtu mwenye ulemavu akubali kupigwa picha, wala kwamba akatae. Uamuzi ni wa mwenye sura. Kinachothibitika ni kwamba bango ni ahadi, na ahadi hukaguliwa mlangoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ililenga kuwatengea asilimia 5 ya nafasi fulani za ajira na kudai majengo ya umma yarekebishwe. Mwaka 2025 nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya. Sheria huandikwa upya, lakini ngazi hubaki mpaka mtu azivunje.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hiyo. Wao ndio watakaoitwa kesho kutafsiri mabango, kuhariri kalenda na kutunga kauli za kampeni. Watakapoletewa sentensi tamu, wajiulize inamtaja nani kwa jina na nani kwa kasoro. Kisha watoke nje wakautazame mlango wa aliyewatuma.