Kazi Yangu ya Programu Huria, Uvira

Mtaani kwetu huniita mama wa ramani. Wengine husema injinia, kwa heshima tu, maana shahada ya uinjinia sina. Kazi yangu ni programu huria: programu ambazo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Kwa kazi hii nimelisha watoto na kuwalipia minervali, yaani karo ya shule, nami nimeifanya hapa hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, katika mji ambao umeme wake haukawii kukatika na ambao vita vimeupitia tena na tena tangu 1996.

Nilianza katika sekretaria, yaani duka la kuchapa na kutoa fotokopi, kwenye barabara kubwa iendayo bandari ya Kalundu. Wanafunzi walileta TFC zao, yaani tasnifu za kumalizia masomo, mashirika yalileta raporo, makanisa yalileta barua za mialiko. Kompyuta zetu zilikuwa na Windows ya kunakili isiyo na leseni, na kila fulashi iliyochomekwa iliacha virusi vyake. Kilichotutesa zaidi ni kile kirusi kinachoficha faili na kuweka njia za mkato mahali pake. Mwanafunzi anafungua fulashi, anakuta kazi ya mwaka mzima haifunguki, anaketi sakafuni analia.

Yaya yangu alikuwa akisoma Bujumbura. Likizo moja akavuka mpaka wa Gatumba na rundo la DVD za Debian kwenye begi. Debian ni mfumo uliojengwa juu ya Linux, na tangu 1993 unatunzwa na watu wa kujitolea. Wakati ule uliweza kuupata wote kwenye DVD, maelfu ya programu pamoja na maelezo yake, usihitaji intaneti hata kidogo. Hilo ndilo lililoniokoa, kwa sababu intaneti ya Uvira ilikuwa ya siba, duka la kulipia kwa dakika, na mshahara wangu haukuifikia. Niliiweka Debian kwenye kompyuta kuukuu ambayo bosi alishaikatia tamaa. Nilipochomeka fulashi ya mwanafunzi mmoja, faili zote zilizofichwa zikajitokeza, kwa kuwa alama ya kuficha ya Windows, na kirusi kilichoandikwa kwa ajili yake, havikuwa na nguvu pale. TFC yake ilikuwapo, haijapungua ukurasa. Habari ilienea vyuoni, na kuanzia hapo watu walikuja kuulizia kompyuta ile kuliko walivyoulizia fotokopi.

Nilijifunza usiku, jenereta ya jirani ilipokuwa ikinguruma na yeye kuniruhusu nivute waya. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa na Kiingereza. Kifaransa nilikijua kutoka shuleni, Kiingereza nilikipata humo humo. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na msimbo wenyewe mbele yangu, na haki ya kuufungua nione jambo linafanywaje. Sidhani kama kuna njia nyingine ambayo ingempa binti wa muuza ndagala elimu ya namna ile kwa gharama ile.

Kipindupindu ndicho kilichonitoa dukani. Ugonjwa huu haujatuacha pwani hii kwa muda mrefu, na kila anayeishi Uvira anajua kwamba bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, likikauka watu hurudi kuchota ziwani na mitoni. Shirika moja lilikuja kuhesabu kaya, mabomba na visima, likatafuta vijana wanaojua kompyuta. Fomu za karatasi zilituchosha, kwani zilinyeshewa, zikapotea, mwandiko ukawa hausomeki. Kisha wakatuletea simu zenye ODK, programu huria iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Unajaza fomu kwenye simu bila mtandao, inajihifadhi, na ukifika penye mtandao inatuma. Mtu aliyeibuni alikuwa amefikiria mahali kama Kalundu. Nilijifunza kuandika fomu zenyewe, kisha kusimamisha seva ya kuzipokea, na muda si mrefu wenzangu wakawa wananiuliza mimi.

Kwenye avenyu za Kasenga na Kimanga tulipata somo jingine. Shefu mmoja wa avenyu, mzee mpole, alinishika mkono akaniuliza, "Binti yangu, mnazipa nyumba namba ili nani aje kuzibomoa?" Nikamwambia, "Papa Shefu, njoo uone." Nikampa simu, akaona mwenyewe swali moja baada ya jingine. Akakubali, na akatusindikiza siku nzima. Aliposema mbele ya watu wake, "Hawa nimewaona wanachoandika," milango ikafunguka. Uwazi ninaoutetea hauishii kwenye leseni. Anayetoa habari zake naye anapaswa kuona zinaandikwaje na zinakwenda wapi.

Lakini mradi ule uliisha, gari zikaondoka, na takwimu zetu zikaondoka nazo ndani ya kompyuta za shirika. Mwaka uliofuata likaja shirika jingine kuhesabu kaya zile zile. Wale mama waliojibu maswali yetu wakajibu tena, na hawakuambiwa kilichopatikana mara ya kwanza. Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyoamua maisha yangu ya kazi.

Linganisha na jambo hili. Oktoba 2015, jarida la PLoS Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Uvira kuhusu maji ya bomba na kipindupindu, uliotumia rekodi za miaka ya 2009 hadi 2014. Watafiti waliona kwamba baada ya siku moja bila uzalishaji wa maji ya bomba, wagonjwa waliolazwa kwa kushukiwa kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitosha. Walikadiria kwamba asilimia 23.2 ya waliolazwa walitokana na upungufu huo wa maji. Makala hiyo haikufungiwa nyuma ya malipo. Niliishusha kwenye simu kwa mega chache, nikaisoma na muuguzi wa kituo cha afya chini ya mwembe, naye akaichapa na kuibandika ukutani. Habari za Uvira zilikuwa zimerudi Uvira, na mtu wa Uvira aliweza kuzinyooshea kidole mbele ya wakubwa.

Ndiyo maana nikahamia kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuichora na yeyote anaweza kuichukua. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010 wachoraji wake walijipanga kusaidia maeneo ya maafa, na mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza pamoja na wachoraji hao walianzisha Missing Maps, ili miji isiyo na ramani ichorwe kabla ya maafa kuifikia. Wachoraji wa mbali huchora nyumba kutoka picha za setilaiti. Wanaona paa. Hawaoni kwamba paa lile ni zahanati, kwamba njia ile hupitika kiangazi tu, kwamba bomba la umma pale lina ufunguo na ufunguo anao mama fulani. Hayo yanahitaji mtu wa hapa. Jioni nilikuwa nikipita avenyu kwa avenyu na OsmAnd, programu ya ramani hiyo, kwenye simu, nikiandika majina, na usiku nikiyaingiza kwa JOSM, programu ya kuihariri kwenye kompyuta.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Maji yalishuka mlimani na mawe na magogo, yakapita katikati ya mitaa. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, maji ya bomba yakakosekana, na hayo yote yalitokea mpaka wa Burundi ukiwa umefungwa kwa sababu ya korona. Asubuhi sikuwa na la kufanya na kompyuta. Tulichimbua matope kwa koleo kama kila mtu. Siku zilizofuata ndipo ramani ilipohitajika. Wareko, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea wa mitaani, walipoambiwa waende kuorodhesha waliopoteza nyumba, walitembea na karatasi nilizochapa kutoka QGIS, programu huria ya ramani, zenye nyumba zilivyokuwa kabla ya maji. Mahali palipobaki mawe matupu, mtu aliweza kuweka kidole na kusema hapa palikuwa kwa fulani, na jirani akathibitisha. Hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa ya ofisi yoyote ili kuitumia ramani ile. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia kwenye nyumba za pwani, vijana niliowafundisha waliifanya kazi hiyo hiyo bila kuniita.

Sasa fedha, maana ndugu zangu huuliza hilo kwanza. Miaka ya mwanzo nililipwa perdiem, ambayo hailei familia. Mlango ulifunguka kwa namna ambayo vijana wetu hawaambiwi. Kwenye kazi huria kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, pamoja na tarehe. Siku moja mtu wa taasisi ya nje, aliyekuwa akitafuta fundi wa fomu na ramani Kivu Kusini, aliangalia nani amechora Uvira, akakuta jina langu ukurasa baada ya ukurasa. Hakuuliza shahada. Aliuliza bei. Tangu hapo nimesimamisha seva za KoboToolbox za kupokea fomu, nimefundisha wahudumu wa zoni za afya kutumia DHIS2, ile programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara yetu ya afya inaitumia kwa takwimu za nchi nzima, na nimesaidia kutafsiri maandishi ya programu kwa Kiswahili. Programu hazilipiwi, ujuzi wangu unalipiwa, na ninaandika fakitira kama fundi yeyote. Kuna wanaodhani kwamba kazi huria ni kazi ya bure, hasa wanapomwona Mkongo. Mgeni analipwa kwa mkataba, mwenyeji anaahidiwa cheti na fulana. Nimekataa kazi nyingi za namna hiyo, na ninawafundisha vijana wangu kukataa.

Katika mikataba yangu ninaweka sharti moja. Kila kilicho mali ya umma, kama barabara, bomba, shule au kituo cha afya, kiingie kwenye OpenStreetMap kabla mradi haujafungwa. Kila kinachomhusu mtu kisiingie kamwe. Hapa Kivu mstari huu unalinda uhai. Sichori mahali walipojificha waliokimbia mapigano, siweki jina la mwenye nyumba, siweki kabila, sionyeshi njia za usiku za wavuvi. Kuna aliyeniomba orodha ya kaya zenye wakimbizi pamoja na vipimo vya GPS, akasema naye ni mtetezi wa takwimu huria. Nilimnyima. Msimbo uwe wazi, ramani ya mji iwe wazi, maisha ya watu yafungwe vizuri.

Leo nina chumba kimoja, betri za sola, kompyuta kuukuu zenye Debian, na vijana wanaokuja baada ya shule, wasichana wengi kuliko wavulana. Mashirika yanayokuja pwani hii nayaomba jambo ambalo halihitaji bajeti mpya: mlichokusanya kwetu kiacheni kwetu, katika muundo ambao mtu mwenye simu na programu huria anaweza kuufungua, na mlipeni mwenyeji aliyekikusanya. Na wewe kijana wa Uvira, wa Fizi, wa Baraka, usingoje shahada wala mfadhili. Fungua ramani, tafuta avenyu yako, andika jina lake sawasawa, na uweke lako chini ya kazi hiyo.