Mzigo Haubebwi na Shoki

Huenda huna pikapu. Lakini kama unakula viazi na kabichi hapa Nairobi, chakula chako kimewahi kupanda moja. Yetu hutoka Kinangop alfajiri ikiwa imesheheni magunia, na Jumapili hutupeleka kanisani. Karo ya watoto hutoka humo humo. Kwa hivyo ilipoanza kuyumba kwenye kona na kuinama mbele kila breki ikikanyagwa, halikuwa jambo la mzaha.

Shoki za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta. Baba watoto alitaka tununue za mitumba, kwani shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Fundi naye alituhimiza tuchukue zilizo ngumu kabisa, ati ndizo zinazobeba mzigo.

Hapo ndipo wengi hupotoshwa. Mzigo hubebwa na springi. Shoki kazi yake ni kuituliza springi. Ni bomba lenye mafuta na pistoni. Gurudumu linaporuka, pistoni huyasukuma mafuta yapite katika vitundu vidogo, na nguvu ya mruko ule hugeuka joto. Shoki ikifa, springi huendelea kudunda. Je, breki itasaidia nini ikiwa tairi haigusi barabara sawasawa?

Ugumu uliopita kiasi nao una hatari yake. Pikapu ikirudi bila mzigo, nyuma huwa nyepesi, na shoki ngumu huifanya irukeruke hata zaidi. Kama gari lako hulala nyuma likipakiwa, kagua springi, au punguza magunia.

Basi uchague vipi? Kwanza, fikiria barabara yako. Kwa lami na mzigo wa wastani, shoki za kawaida za mafuta zinatosha. Lakini murram yenye mawimbi kwa kilomita nyingi huyapasha mafuta moto na kuyatia povu, na povu halizuii kitu. Huko, zenye gesi ya nitrojeni hustahimili zaidi.

Pili, nunua kulingana na modeli ya gari. Ikiwa springi zimewahi kuinuliwa, pima urefu wa shoki ikiwa imevutwa na ikiwa imebanwa. Tatu, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, ili upande mmoja usiwe mgumu na mwingine legevu. Nne, usihadaike na rangi. Shoki iliyokwisha kutumika haionyeshi kwa nje jinsi mpira wa kuzuia mafuta ulivyochakaa. Ukinunua mpya, dai risiti na dhamana, maana bandia hazikosi.

Sisi tulinunua mbili mpya za gesi za nyuma. Za mbele, ambazo hazikuwa zikivuja, zilisubiri hadi karo ilipolipwa. Baba watoto alinuna siku mbili. Aliporudi kutoka safari ya kwanza alikiri kwamba gari limetulia, na siku hizi yeye ndiye huinama kila Jumamosi kuzikagua.

Nawe fanya vivyo hivyo. Usitosheke na kulibonyeza gari kwa mkono, kwani springi za pikapu ni ngumu na zitakudanganya. Tafuta mafuta yanayotiririka kwenye bomba, mipira ya maungio iliyokatika, na tairi zilizoliwa kwa mabaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabarani huenda hata nafasi ya kuujenga usiipate.