Noti za Kale na Haki ya Warithi

Si kila noti ya kale ni hazina, wala si kila karatasi iliyochakaa ni ya kutupwa. Hayo yalitudhihirikia sisi ndugu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, tulipokusanya mali ya marehemu mama yetu ili igawanywe kwa mujibu wa sharia. Ndani ya kasha lake mlikuwa na bahasha ya noti za zamani. Mnunuzi mmoja alikuwa tayari kuzichukua zote kwa mkupuo, na ndugu yetu aliyedaiwa karo ya wanawe alitamani tukubali siku ile ile. Lakini noti haikatwi vipande kama kitambaa. Fungu la kila mrithi halijulikani mpaka thamani ijulikane.

Kwanza tulizitenga. Zilikuwamo za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919: baadhi zina sura ya Mfalme George wa Sita, na nyingine, za mwaka 1964, zina picha ya chombo cha tanga ziwani. Zilikuwamo pia za kwanza za Benki Kuu ya Kenya, za mwaka 1966, zenye picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza kutolewa mwaka 1908 na ambazo leo ni adimu mno, hazikuwamo.

Kisha tulitazama hali zake. Umri peke yake haupandishi bei. Noti iliyochapishwa kwa wingi na kuhifadhiwa na wengi hubaki rahisi. Wakusanyaji huuliza: Imekunjwa? Imetoboka? Pembe zake zingali kali? Ina tarehe, sahihi na nambari gani? Basi msizioshe, msizipige pasi, wala msizibandike gundi, kwani hayo huzishusha thamani. Zitieni katika mfuko safi, mbali na unyevu.

Mwisho tuliuliza bei kwa watu wawili wasiojuana. Bei anayoitaja muuzaji si hoja. Hoja ni ile ambayo noti ya aina na hali hiyo imekwisha kununuliwa mnadani.

Nyingi zilikuwa za bei ndogo. Mbili za mwaka 1964, ambazo hazikuwahi kukunjwa, zilizidi zote. Dada yetu mdogo alichagua moja iwe sehemu ya fungu lake kwa bei iliyokadiriwa. Zilizobaki ziliuzwa, kila mmoja akapokea haki yake, na karo ikalipwa pasipo mtu kunung'unika.