Chakula cha Ugenini

Mtu akaaye mbali na kwao huulizwa kwanza alala wapi. Ni mara chache aulizwe ala wapi. Kwa maoni yangu swali la pili ndilo kubwa. Nyumba hupangwa kwa fedha, na mlango ukisha kufungwa mpangaji hubaki na ugeni wake. Chakula chataka watu. Nasema haya kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa, na kazi ya kukusanya maneno ilinikalisha Masasi kwanza, kisha Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, katika nchi isiyo yangu ijapokuwa lugha yake ni yangu.

Kiswahili si mgeni wa jana huko. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuchapishwa mwaka 1870, alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, wakitoka Unguja. Wakakaa chini ya vilima vile vya mawe. Kutoka Masasi njia huelekea mashariki na kupanda uwanda wa juu wa Makonde, na Newala imekaa ukingoni mwake, ikitazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo ya mto.

Mgahawa nilioupenda Newala haukuwa na kibao. Ulikuwa paa la mabati, mabenchi mawili, na mafiga yasiyopoa. Asubuhi palikuwa na chai na ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ambayo kwetu pwani ya kaskazini haijulikani. Mchana palikuwa na ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, kunde, au samaki mkavu. Mmakonde, Mmakua na Myao waliketi bega kwa bega, na kila mmoja aliiacha lugha ya mama yake nje akaagiza kwa Kiswahili.

Kwetu twasema mkahawa, wao husema mgahawa. Tofauti hiyo ni ndogo. Neno lililonishika ni jina la mwenyewe: mama ntilie. Jina hili ni sentensi nzima, "Mama, nitilie." Shina lake ni tia, limeingia katika kauli ya kutendea, likapewa mtendewa, na mwisho wake ni wa ombi. Mwenye njaa, sahani mkononi, amwambia mwanamke asiyemzaa maneno ambayo mtoto humwambia mamaye. Wako wanaoona jina hilo lina dharau, wakapenda mama lishe. Nia yao ni njema. Lakini lishe ni neno la zahanati na mizani. Halina mwenye njaa ndani yake wala mwenye upawa.

Nani ajuaye kitiwacho katika sahani hiyo kimegharimu nini? Udongo wa uwanda ule ni mchanga, mvua huzama upesi, na chemchemi hutokea chini, miguuni mwa miteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya watu hawa waishio juu, mbali na maji yao. Vizazi vya wanawake vimepanda miteremko ile na vyombo kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kupandisha maji kwa mitambo. Hata hivyo nilipokuwa huko, siku za kiangazi, bomba likinyamaza, maji yalinunuliwa kwa ndoo. Basi maji ya kunawa, yale ambayo mlaji hayatii katika hesabu ya chakula, mama aliyanunua kabla hajauza kitu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilidhani methali hii haimhusu alipaye. Siku ya tatu nilimwamkia mama, naye baada ya kuitikia marahaba akasema, "Mwalimu, nishushie dumu hili." Nikalishusha kutoka katika baiskeli ya mchuuzi. Sikio langu la kazi lilisikia kauli ile ile ya kutendea: mimi nitilie, yeye nishushie. Tangu siku hiyo sikuwa mnunuzi tu. Siku nisiyofika, mtu alitumwa kuuliza kama ni mzima.

Lakini mahali hapo palikuwa na daftari. Fedha ya Newala ni korosho, na korosho huokotwa kuanzia mwisho wa kiangazi. Kabla ya minada mkulima hana kitu mkononi, naye hula kwa kuandikwa. Malipo yakichelewa, kurasa huongezeka. Mwenye unga hamwandiki mama, wala mwenye maji. Kwa hiyo mwanamke mmoja, mwenye sufuria tatu, huikopesha wilaya chakula cha mchana mpaka msimu ugeuke, na hakuna benki imwitayo mwenzake.

Wanafunzi wangu huniuliza jina lipi ni sahihi. Nawajibu kwamba ntilie lina sarufi safi na ukweli mwingi, na sioni sababu ya kulifuta. Kwa wale waonao haya kwa niaba ya mama yule, nina shauri: jina walimwachie, na deni lililo katika daftari walilipe.