Kikulacho Simu ki Ndani Yake

Katika vijiji vyetu vya Kivu simu si kitu cha kujivunia tena, wala si mchezo wa vijana peke yao. Ndiyo kengele ya kumwita padri. Mgonjwa akizidiwa usiku, jamaa zake humpigia katekista, katekista humpigia paroko, na paroko huwasha pikipiki yake. Simu moja tu ikizimika katikati ya safari hiyo ya habari, huenda mkristu akafa bila mpako wa wagonjwa, na watu wake wakabaki na uchungu wa miaka mingi. Ndiyo sababu sisi wakatekista hatuwezi kulihesabu jambo la betri kuwa jambo dogo.

Malalamiko ni yale yale kila mahali. Mtu apeleka simu yake kwa mwenye paneli ya jua, alipa faranga zake, airudisha nyumbani imejaa. Jua halijatua, nayo imekwisha kuzimika. Mmoja asema betri ni mbovu, mwingine asema muuzaji amemdanganya, wa tatu anong'ona habari za uchawi. Kisha wanunua betri nyingine, nayo yaisha upesi vile vile. Wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Basi kabla ya kumshtaki mtu, tumtafute mlaji aliye ndani ya simu yenyewe.

Kumtafuta si kazi ngumu, maana simu za kisasa huandika hesabu zao. Fungua mahali pa mipangilio, ambapo katika simu zilizopangwa kwa Kifaransa paitwa Paramètres, kisha gusa neno Batterie. Hapo utaona orodha: programu hii imekula kiasi hiki kwa mia, na ile kiasi kile. Yafaa kuisoma orodha hiyo jioni, kama tunavyochunguza dhamiri kabla ya kulala. Anayesema tu, “Mimi ni mkosefu,” bila kutaja kosa lake, hageuki upesi. Na anayesema tu, “Simu yangu inakula betri,” bila kujua kinachokula, hataiponya.

Mlaji wa kwanza ni kioo. Mwanga wake mkali ndio unaokula kuliko vitu vingi. Upunguze mpaka uweze kusoma bila shida, na uiamuru simu izime kioo chake baada ya nusu dakika usipoigusa. Wengine wasema rangi nyeusi yaokoa betri. Ni kweli kwa vioo vya namna ya OLED, ambamo kila nukta yatoa mwanga wake yenyewe; katika vioo vya namna nyingine faida ni ndogo mno.

Mlaji wa pili ni programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Kundi la kwaya laleta video, kundi la ukoo laleta picha, na simu yazishusha zote hata kama hakuna atakayezitazama. Iamuru isishushe kitu mpaka wewe mwenyewe ukiguse. Tena kuna programu zinazouliza kila mara mahali ulipo. Ziruhusu zile tu zenye haja ya kujua. Na yule anayewagawia marafiki intaneti ya simu yake mchana kutwa asishangae betri ikiisha, maana kazi hiyo ni nzito sana.

Mlaji wa tatu hujificha kuliko wote, naye ndiye anayewatesa watu wa milimani. Simu iliyo mbali na mnara haikai kimya. Hutafuta mtandao bila kupumzika, na ikiupata kidogo hupaza nguvu zake ili isikike, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo simu ile ile iliyokaa siku nzima mjini Bukavu yaweza kuzimika saa nane mchana huko kijijini, wala hakuna aliyeiroga. Mahali pasipo na mtandao kabisa, iweke katika hali ya ndege, Mode avion. Mahali penye mtandao hafifu, ikiwa unahitaji kupiga na kupokea tu, ichagulie mtandao wa 2G mahali pa 4G, ikiwa upo kwenu. Haitahangaika kurukaruka kati ya mitandao miwili.

Je, tutajuaje kama ugonjwa ni wa programu na mtandao, au ni wa betri yenyewe? Fanya jaribio la usiku mmoja. Ijaze simu kabisa, iweke katika hali ya ndege, zima kioo, ulale. Asubuhi tazama. Ikiwa imepungua kidogo tu, betri yako bado ni nzima, na walaji ni wale tuliowataja. Ikiwa imeshuka sana ingawa imelala bila mtandao, betri imechoka au simu ina ubovu. Hapo ndipo pa kumwendea fundi. Dalili nyingine ya betri iliyozeeka ni simu kuzimika ghafula ingali yaonyesha 20 au 30 kwa mia. Na ukiona mgongo wa simu umevimba, acha kuitumia siku ile ile. Usiitoboe, usiitupe motoni, maana yaweza kulipuka na kuchoma nyumba.

Betri huzeeka, hiyo ndiyo tabia yake. Kwa simu nyingi, ikiisha kujazwa kamili mara 500 hivi, uwezo wake hupungua ukakaribia 80 kwa mia ya ule wa kwanza. Lakini sisi wenyewe twaiharakisha kufa kwa joto. Twaona simu zimewekwa juu ya paneli, katika jua kali, zikijazwa huku zikichomwa. Paneli ndiyo itafutayo jua. Simu na ikae kivulini, uzi uwe mrefu kidogo. Wala isijazwe chini ya mto wa kulalia.

Yako pia mafundisho ya zamani yanayofaa kuachwa. Wako wanaosema lazima kuiacha betri iishe kabisa kabla ya kuijaza. Hayo yalifaa betri za nikeli na kadimi za zamani. Betri za simu za leo ni za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na wavumbuzi wake John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Hizi zachoka zaidi zikiachwa kufika sifuri; zapenda kukaa kati ya 20 na 80 kwa mia. Wengine nao hufunga programu zote kila dakika, wakidhani wanaokoa umeme, kumbe kuifungua tena programu kutoka mwanzo kwaweza kula zaidi kuliko kuiacha ilale. Na programu zinazojisifu kuwa zasafisha simu na kulinda betri, nyingi ni walaji wapya tu.

Tukumbuke tena kwamba ndani ya betri nyingi za simu mna kobalti, na kwa miaka mingi sasa Kongo yetu imetoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, hasa upande wa Kolwezi. Ndugu zetu huko huishusha miili yao katika mashimo ili kuitoa. Papa Fransisko katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015 alitukemea kwa tabia ya kutumia na kutupa. Basi kutupa betri nzima kwa sababu hatukutaka kuuliza kinachoila ni kudharau jasho la watu wetu.

Neno la mwisho latoka katika mfano wa wanawali kumi. Tukiusoma vizuri, twaona kwamba wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu. Wala Bwana hakuwalaumu kwa usingizi. Tofauti ilikuwa mafuta ya akiba. Simu nayo na ilale isipohitajiwa, si vibaya. Lakini usiku usiikute bila akiba. Kwa hiyo twashauri neno moja: katika kila shirika ichaguliwe simu moja iwe simu ya wagonjwa. Yafaa hata ile ndogo ya vibonye, ambayo hukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Isichezewe muziki, isipelekwe video, wala isikopeshwe. Ijazwe kabla ya jioni, na namba yake ijulikane na kila nyumba. Kisha mgonjwa akiita usiku wa manane, patakuwa na mtu wa kuitika, na padri atafika kwa wakati.