Mombasa hadi Malindi, Baiskeli Mbili
Julai mimi na mume wangu tunaendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120 hivi. Yeye alitaka siku moja tu. Jamani, mimi sijawahi kuzidisha kilomita 20! Tulinuniana siku mbili, kisha tukakaa chini na ramani. Mwezi huo upepo wa kusi utatusukuma mgongoni. Tutalala Kilifi, katikati ya njia, na kesho yake tutapitia magofu ya Gede. Tyubu za akiba na pampu atabeba yeye. Maji, kila mtu na yake. Sharti langu ni moja: mbele nakaa mimi. Akitangulia yeye, atafika Malindi na baiskeli, mke hana.