Mkanda unakula mwanga

Wiki hii watu wawili wameniuliza picha zangu zinapataje rangi laini namna ile, ati natumia programu gani. Hakuna programu. Naupa mkanda mwanga zaidi ya ule ulioandikwa kwenye boksi, basi.

Iko hivi. Boksi la Kodak Portra 400 linasema ISO 400, mimi kamera naiambia 200. Nayo inaamini, inaingiza mwanga mara mbili. Nikitaka laini zaidi naweka 100, mara nne. Studio nawaambia wasafishe kawaida, kama 400.

Mbona haiungui? Negativu ya rangi inavumilia sana mwanga. Ukizidi, negativu inakuwa nzito tu, picha bado imo. Giza ndilo haliliwezi: palipokosa mwanga hapana kitu, ukiskani unapata tope na chenga. Ulaini wenyewe unamaliziwa kwenye kuskani au kuchapa. Mkanda wa slaidi msijaribu, huo ukizidisha kidogo tu nyeupe zinafutika.

Lakini kwangu hili si urembo. Rumeti wangu anamaliza mwaka huu. Bibi yake kijijini ana picha yake moja tu, ya kidato cha nne: shati linang'aa, uso mweusi tii, meno. Kamera ilipima shati, uso ukaachwa gizani. Na tukumbuke, kwa miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa kizungu, walizoziita Shirley. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu.

Basi Jumamosi nikampeleka kivulini chini ya mwembe, na gauni lake jeupe. Nikapima mwanga usoni, si kwenye gauni, ISO 200. Gharama ipo: shata inakwenda polepole, kwa hiyo nikamwambia asitikisike. Alicheka fremu tatu nzima, na mkanda wenyewe ni picha 36 tu!

Juzi zimetoka. Gauni bado lina mikunjo yake, uso wote upo, mpaka kovu dogo juu ya nyusi. Rumeti akalitazama weee. Anasema bibi ataanza na hilo kovu, maana ndiye aliyelifunga siku ile.

Picha inaondoka na basi la kesho alfajiri. Mimi nawahi foleni ya msosi. Baadaye wadau.